Mapindo Matatu ya Buibui la Mama

Jumanne, tarehe kumi na moja Rajabu, mwaka juzi, kabla ya adhuhuri, nilifiwa na mama yangu. Siku hiyo hiyo niliona kwa kitambaa ukubwa wa sehemu yake nyengine niliyokwishaipoteza zamani, tena mbele ya macho yangu.

Kabla ya kuoshwa, kaka yangu alisimama mlangoni akaniuliza urefu wa mama ili akanunue sanda. Sikwenda kumpima. Nilimjibu palepale, kwa mazoea ya utotoni, "Mrefu. Kanizidi mimi kiganja kizima." Akaenda, akarudi na kitambaa. Mwoshaji alikuwa jirani yetu, mwanamke aliyeosha maiti wengi hapa Wingwi. Alikitandaza kando ya mama, akatazama chini kwenye miguu, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, kapimwa nani huyu?"

"Mama."

"Mama yako ndiye huyu hapa. Kitambaa chamzidi."

Nikasema alikuwa mrefu. Akasema anajua, walicheza pamoja walipokuwa maharusi wapya, anajua alivyokuwa. Alikunja kilichozidi, akaendelea na kazi yake. Mimi nilikuwa nimeshika kata ya maji, nikaendelea kumimina mpaka tulipomaliza.

Ni kweli mama alikuwa mrefu. Kwao ni Fundo, kile kisiwa kilicho mbele ya Wete, na aliolewa huku kwetu Wingwi akiwa msichana. Jikoni mwetu kuna msumari mkubwa uliopigwa juu kwenye boriti. Mama alikuwa akitundika pakacha la vitunguu, chumvi na majani ya chai hapo ili panya wasilifikie, na alikuwa akilitundika kwa mkono mmoja huku mwengine unakoroga chungu. Sisi watoto tulipanda juu ya kinu na bado hatukulifikia. Baba alikuwa akimtania kwamba ameoa mnazi. Mama alimjibu, "Basi usikae chini yangu, nazi isije ikakuangukia."

Alikuwa na pumu. Tangu nina akili nakumbuka kifua chake kikipiga mluzi, kidogo siku za kawaida, na kikubwa msimu wa karafuu. Hapa kwetu msimu ukiingia nyumba nzima inakuwa karafuu. Zinaletwa kwa magunia, zinachambuliwa barazani, zinatolewa makonyo, vile vikonyo vyake, zinaanikwa juu ya majamvi, na vumbi lake linaingia mpaka kwenye wali. Mama alikuwa na mkono mwepesi wa kuchambua kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alichambua huku anakohoa. Tulimwambia apumzike, akasema akipumzika karafuu zitachachuka.

Msimu mmoja, miaka kama kumi na mbili kabla hajafa, alizidiwa. Midomo iligeuka rangi. Alipelekwa hospitali, akatiwa dawa, akarudi na vidonge vidogo vyeupe vya kumeza siku tano. Siku ya pili ya vidonge vile mama alilala chali. Nilikuwa sijawahi kumwona mama amelala chali. Siku zote alilala ameegemea mito kama mtu anayengojea kuitwa. Nilikaa pale nikamsikiliza akivuta pumzi kama watu wengine, nikalia.

Siku tano zikaisha. Baada ya wiki mluzi ukarudi. Mimi nilikuwa nimeihifadhi karatasi ya vidonge, ile yenye jina, nimeikunja ndani ya msahafu wangu mdogo. Nikaenda nayo duka la dawa mjini, nikamwonesha muuzaji, akanipa. Sikuulizwa kitu na mimi sikuuliza. Nilisoma mpaka kidato cha pili, najua kusoma maandishi ya kwenye pakiti, lakini karatasi ya ndani ilikuwa ya Kiingereza kidogo kidogo kama mayai ya sisimizi, na niliitupa. Tangu hapo nikawa nakwenda kila vikikaribia kwisha. Kwanza vilikuwa vya msimu wa karafuu. Kisha vikawa vya mvua. Kisha vikawa vya kila siku asubuhi pamoja na chai.

Sasa nitaandika jambo ambalo sijalisema kwa mtu. Vile vidonge vilimnenepesha mama uso. Mashavu yake, ambayo siku zote yalikuwa yamebonyea, yalijaa yakawa ya mviringo, na akang'aa. Hapa kwetu mtu akijaa uso ndiyo heshima ya watoto wake. Kwenye maharusi, kwenye maulidi, kila mahali tulipokwenda nae, wanawake walimshika mashavu.

"Bi mkubwa, umenawiri. Wala nini wewe?"

"Nala anachonipa mwanangu huyu."

"Basi mwana unae. Wengine wetu twazaa tu."

Na mimi nilikuwa nikisimama pale nikisikia raha. Sikuwa na mume wakati ule, nilikuwa nimeachwa na kurudi nyumbani, na sikuwa na mengi ya kusifiwa. Uso wa mama ulikuwa sifa yangu. Kuna siku moja mama aliniambia vidonge vinampa njaa na vinamnyima usingizi, labda tupunguze. Nikamwambia, "Mama, kifua je?" Akakimeza cha siku ile. Lakini katika moyo wangu sikufikiria kifua peke yake. Nilifikiria na ule uso.

Pindo la kwanza nililipiga mwaka wa nne au wa tano wa vidonge. Mama alitoka msikitini Ijumaa, akavua buibui, akanionesha ncha ya chini imechafuka tope.

"Laburura. Nipigie pindo."

Nikakaa na sindano nikalipiga, vidole viwili. Nikamwambia buibui la zamani hilo, halijawahi kuburura. Akasema vitambaa vya siku hizi vinalegea vikifuliwa. Nikakubali. Pindo la pili nalo lilikuwa vidole viwili. Nikamtania, "Mama, utakuja kuvaa la mjukuu wako." Akacheka, akasema mtu akizeeka anarudi utotoni, na mimi ndiye nitakayembeba mgongoni. La tatu lilikuwa vidole vitatu. Siku ya pindo la tatu ndiyo siku aliyonambia nimtundikie pakacha kwenye msumari, bega lake linamuuma. Nilipanda juu ya kibao nikalitundika. Sikuliunganisha hili na lile. Ningemshonea mapindo kumi, na kila moja ningelishona vizuri.

Kisha ikaja asubuhi ya mbuzi. Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, ametanguliza mguu mmoja kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Alipotaka kuinuka na bakuli mkononi, nilisikia "ah", ndogo tu, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Bakuli halikumwagika. Aliliweka chini polepole, akabaki ameinama, hawezi kupanda wala kushuka.

Sisi tulijua dawa ya mgongo. Kila mtu hapa anaijua. Mgongo ukishika ni baridi imeingia, na baridi inatolewa kwa kukandwa. Nikamwita mwanamke mkandaji, mtu mzuri, mikono yake imetuzalisha na kutunyoosha sote. Alikuja na kichupa cha mafuta ya makonyo. Tukamlaza mama kifudifudi juu ya mkeka. Mkandaji akapiga magoti kando yake, akaweka vidole gumba viwili katikati ya mgongo, akaelemea kwa uzito wake wote. Mimi nilikuwa nimemshika mama mabega asijitikise.

Mama aliuma ncha ya leso yake. Hakupiga kelele. Mkandaji alisema, "Stahamili, bibi, hii ndiyo inatoka." Alikuja siku tatu. Siku ya tatu mama alinambia kwa sauti ya chini, uso ukiwa mkekani, "Mwanangu, niachieni." Tukamwachia. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya makonyo naondoka nilipo.

Baada ya wiki mbili hakuweza kugeuka kitandani. Ndipo kaka akatafuta gari tukampeleka hospitali ya Chake. Daktari alikuwa mwanamke kijana, amevaa buibui na koti jeupe juu yake. Alimpiga mama picha ya mgongo. Alituonesha ile picha kwenye dirisha, akasema pingili za mgongo zinatakiwa ziwe kama vibao vilivyopangwa, na za mama mbili zimebonyea, moja zamani na moja karibuni. Kisha akaacha picha, akaanza kumuuliza mama mambo ambayo niliona hayahusu mgongo.

"Damu ya mwezi ilikatika una umri gani, bibi?"

Mama alinitazama mimi kwanza, akaona haya. "Mapema. Nilipasuliwa tumbo baada ya mtoto wa mwisho, wakanitoa kizazi na vyote. Sikuwahi kuona tena."

"Una maradhi gani mengine?"

"Kifua tu."

"Kifua unakitibu kwa nini?"

Mama akanionesha mimi kwa kidevu. Nikatoa vidonge kwenye mkoba. Daktari alivichukua, akavisoma, akaniuliza anavimeza tangu lini. Nikamwambia. Aliuliza mara ya pili, kama hakusikia vizuri, na nikamwambia tena.

Hakutugombeza. Nimetamani mara nyingi angetugombeza. Alivuta kiti, akatueleza kwa lugha tunayoifahamu. Alisema mfupa si jiwe, ni kitu hai, kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa kidogo. Vile vidonge vikimezwa siku chache huokoa pumzi. Vikimezwa miaka, ujenzi husimama na ubomoaji huendelea. Akasema na damu ikikatika mapema kwa kupasuliwa, mfupa hukosa kinga yake, kwa hiyo mama alikuwa ameshaanza kupungukiwa hata kabla ya vidonge. Tena mtu mwenye pumu hujihifadhi ndani, hatembei sana, na mfupa usiotembezwa hulegea. Akasema sisi tunaona kila maradhi na chumba chake, kifua huku, kizazi kule, mgongo kwengine, na mwili ni nyumba moja. Akataja na wengine ambao huletwa kwake hivyo hivyo: wenye baridi yabisi ya viungo, wenye rovu linalowapigisha moyo mbio, wenye maradhi ya figo, wenye tumbo lisiloshika chakula. Wanakuja na kuvunjika, akasema, na hawakuwahi kuambiwa.

Kisha akamtazama mama kichwa mpaka miguu. "Bibi, zamani ulikuwa mrefu zaidi?"

Mama akasema, "Waliniita mnazi."

Nikakumbuka mapindo. Nilikumbuka yote matatu kwa pamoja, na vidole vyake. Nilitazama ncha ya buibui la mama, uzi wangu mweusi, mishono yangu midogo iliyonyooka.

Nilitaka kuvitupa vidonge chooni siku ile ile. Daktari alinikataza kwa ukali, na huo ndio ukali pekee aliouonesha. Alisema mwili wa mama umeshavizoea, vikikatwa ghafla anaweza kuanguka na asiinuke. Akavipunguza kidogo kidogo, kwa miezi. Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo ya kifua, na dawa za mifupa, akamwambia akae juani asubuhi, ale dagaa na mifupa yake, atembee, asiinue ndoo, asikandwe. Nikamwuliza kama mfupa uliobonyea utarudi. Akasema hapana, ila tunazuia mwengine.

Tukazuia, mwaka mmoja na miezi. Ulikuwa mwaka mzuri, na ndio ninaoutamani zaidi ninapokaa peke yangu. Mama aliamka, nikamtolea kiti nje upande wa jua, na tulichambua mchele pamoja. Uso wake ulirudi kuwa mwembamba. Wanawake wakaanza kuniuliza, "Mama ana nini? Mbona kakonda?" Wengine walinitazama kwa jicho la lawama. Nilivumilia. Alisali juu ya kiti, na hilo lilimuuma kuliko mgongo. Alinambia anatamani paji la uso wake liguse mkeka mara moja tu. Nikamwambia Mungu anaona. Akasema, "Naye anaona, lakini mie ndiye ninayetamani."

Jioni moja aliteleza kwenye sakafu ya chooni. Hakuanguka kwa kishindo, alikaa tu. Nyonga ikavunjika. Hospitali walisema kifua chake kwa wakati ule hakikuweza kustahamili kupasuliwa, wangojee atulie. Hakutulia. Kulala kulimletea nimonia. Siku za mwisho mluzi ulirudi, ule wa utoto wangu, na safari hii hapakuwa na kidonge cha kuunyamazisha. Nililala chini ya kitanda chake nikausikiliza. Miaka yote nilikuwa nimemwomba Mungu auondoe ule mluzi. Siku ile ya Rajabu uliondoka, na tangu hapo nyumba imekuwa na ukimya ambao siujui nikae nao vipi. Upepo ukipita kwenye mianya ya dirisha la jikoni, nageuka.

Alikuja kwenye matanga mdogo wake mama, mama yangu mdogo wa Fundo. Walifanana sauti. Aliponiita kutoka uani mara ya kwanza, niliitika kama namwitikia mama. Alikaa na mimi mpaka arubaini. Ana maradhi ya viungo, vidole vyake vimepinda, asubuhi hawezi kufunga kifungo mpaka jua lipande. Lakini alikuja amejaa uso. Wanawake wa matanga walimshika mashavu kama walivyomshika mama.

"Wewe umenawiri. Fundo kuna nini?"

"Kuna samaki," alisema. "Njooni mle."

Wakacheka kwa sauti ya chini, ya matangani. Mimi sikucheka. Nilijua, na nikanyamaza. Nilinyamaza siku thelathini na kitu. Nilijiambia ni msiba, si wakati wake. Ukweli ni kwamba nikisema lile jambo kwake, ningekuwa nimelisema na juu ya mama, na watu wangejua aliyekuwa akinunua.

Siku moja kabla ya arubaini, alivua buibui lake akanirushia mapajani.

"Nipigie pindo, mwanangu. Hili lanifagilia njia."

Nilishika ile ncha. Ilikuwa imechakaa kwa kuburura. Sindano ilikuwa karibu, na uzi. Nikasema, "Mamdogo, unameza nini cha viungo?"

Akafungua fundo la leso yake, akanionesha. Vidogo vyeupe.

"Nani anakupa?"

"Hospitali walinipa zamani. Sasa mwanangu aninunulia Wete. Wallahi bila hivi sikamati hata kijiko. Kwani vipi?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, vidonge, sifa, mapindo, mkandaji, mabega niliyoyashika. Sauti yangu haikuwa nzuri. Alinisikiliza huku anasugua vidole vyake. 

"Kwa hiyo wewe wanambia niache nifungike mikono?"

"Sikwambii uache. Usiache kabisa peke yako. Nakwambia twende kwa yule daktari."

"Na mama yako alijua kuwa ni vidonge vyako?"

"Alijua."

"Akasema nini?"

Hilo nilikuwa nimelibakisha. Mama alisema siku tuliyotoka Chake, ndani ya gari, huku ameshika kiti cha mbele asitikisike. Alisema, "Ulinipa kulala chali miaka. Usisahau na hilo." Nikamwambia mama mdogo, na yeye akafunika uso kwa leso. Kisha akasema, "Basi twende, lakini baada ya khitma. Na hilo buibui lipige pindo, sitakwenda mjini naburura kama bibi harusi."

Sikulipiga. Nililifunga kwa pini.

Daktari alikuwa yule yule. Alimpima, akampiga picha. Pingili moja ilikuwa imeanza kubonyea, nyengine nzima. Kipimo chenyewe cha uzito wa mfupa hakikuwepo kisiwani, akasema hatangoja mpaka tuvuke bahari ndipo aanze kutibu. Alieleza kwamba ugonjwa wa viungo wenyewe, hata bila kidonge, huila mifupa iliyo karibu nao, na kidonge kimeongezea. Akabadilisha dawa ya viungo, akavipunguza vile vyeupe polepole, akampa za mifupa. Mama mdogo aliuliza maswali mengi kuliko mimi na mama tulivyouliza. Aliuliza hata kama anaweza kuteremka kwenye boti peke yake. Daktari akasema ateremke akiwa ameshikwa.

Tuliporudi Wingwi nilimsimamisha kwenye mlango wa jikoni, visigino vimegusa ubao, nikamwekea sahani juu ya kichwa, nikapiga mstari kwa mkaa. Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia kwamba sina alama ya mama hata moja.

Sasa anakuja kila baada ya miezi mitatu, akienda kuchukua dawa. Uso wake umepungua, na watu nao wanasema. Vidole siku nyengine vinamuuma, siku nyengine vinamwachia. Alikuja mwezi uliopita. Alivua viatu mwenyewe, akaenda mlangoni mwenyewe, akasimama. Nikaweka sahani. Mkaa ulikuwa umefifia lakini niliuona, na sahani ilikaa sawasawa na mstari ule ule. Akauliza, "Vipi?" Nikamwambia, "Pale pale." Akasema, "Basi nipe chai," akaenda kukaa kwenye kiti cha mama, upande wa jua, na mimi nikapanda kwenye kibao nikashusha pakacha nitoe majani ya chai.